Ugumu 8 kwa 10, lakini kwa nani?

Kila wiki simu yangu hupokea matangazo ya vikundi vya kupanda milima vya hapa Nairobi. Picha ni ile ile: watu wameinua mikono kileleni, ukungu nyuma yao. Maelezo nayo ni yale yale: matatu inaondoka saa kumi na moja alfajiri, chakula jibebee, lipa kwa M-Pesa kabla ya Alhamisi. Kisha, chini kabisa, alama ya ugumu. Vilima vya Ngong 4 kwa 10, Longonot 5, Elephant Hill 8. Alama hiyo hunikera, na hunikera zaidi safari inapokuwa ya kuacha njia na kufuata mgongo wa mlima.

Kinachopimwa pale ni mapafu na magoti: utapanda mita ngapi, utatembea kilomita ngapi, utarudi ukichechemea kiasi gani. Hakuna anayeuliza kama unahofia kusimama mahali upepo unakusukuma na kushoto kwako ardhi imekwisha. Hakuna anayeuliza kama wazo la nyati vichakani linakunyima raha, au kama kifundo ulichoteguka zamani kinakufanya usiuamini mguu wako mwenyewe. Kwenye njia iliyokanyagwa, mambo hayo unaweza kuyameza ukaendelea. Nje ya njia hayamezeki.

Chukua Elephant Hill yenyewe, kusini mwa milima ya Nyandarua, ile ambayo Joseph Thomson aliibandika jina la Aberdare mwaka 1884 kwa heshima ya Lord Aberdare, rais wa Royal Geographical Society ya London. Unaanzia kituo cha misitu cha Njabini, unalipa, unapewa askari mwenye bunduki kwa sababu ndovu wa huko si wa jina tu, unapita msitu wa kupandwa, unaingia mianzini, na hapo tope linaanza kukudai buti zako. Ukitoka kwenye mianzi mlima unasimama wima. Kuna mahali wapandaji wamepabatiza Point of Despair, na wengi huliheshimu jina hilo kwa kuketi chini. Baada ya hapo ni matuta ya miamba, moja baada ya jingine, ndio mgongo wa huyo tembo, mpaka kileleni, kwenye mita 3,600 hivi.

Hadi hapo kuna njia. Ni ya tope, ina mizizi ya kukukwaza, lakini ni njia. Ukitaka kuendelea na mgongo kuelekea kaskazini, upande wa kilele cha Kinangop chenye mita 3,906, ndipo mambo yanapobadilika. Alama za buti zinafifia, zinagawanyika, kisha zinakuwa za wanyama. Mbele yako kuna nyasi, vichaka na ukungu, na kiongozi ananyoosha fimbo kuonyesha upande fulani kana kwamba kuna barabara.

Watu husema ugumu wa kwenda bila njia ni kuchoka. Sikubaliani nao. Njia ni uamuzi uliokwisha kufanywa na waliotangulia: hapa pita, pale zunguka, jiwe hili linashika. Ikikosekana, kila hatua ni uamuzi wako mwenyewe, na kwa saa nne tano unaamua maelfu ya mara. Mtu asiye na hofu hata hajui kwamba anaamua. Mguu wake unajiwekea wenyewe. Mwenye hofu anaamua kila hatua mara mbili tatu: kwanza kama jiwe litashika, pili kama yeye atashika, tatu kama wenzake wanamtazama. Kichwa chake huchoka kabla ya miguu. Ndiyo maana unaweza kumwona mtu mwenye pumzi zake zote akitetemeka magoti, na wale wa mbele wanashangaa kwa nini anakawia mahali "ambapo si pagumu".

Nyasi za huko juu zinastahili maelezo yake. Hazioti kama nyasi za kiwanjani. Zinaota kwa mafungu, kila fungu limesimama kama kigoda chenye nywele ndefu, na kati ya fungu na fungu kuna shimo lililofunikwa na nywele hizo hizo. Ukikanyaga juu ya fungu, linalala upande na kukumwaga. Ukikanyaga katikati, mguu unazama hadi gotini, na chini kuna maji baridi yasiyokuwa na haraka ya kwenda popote. Aliyetunga mwenda pole hajikwai hakuwahi kupita hapa. Kijana wa Njabini aliyekuwa akituongoza alivaa gambuti za kawaida, zile za kukamulia ng'ombe, na alipita juu ya nyasi hizo huku akizungumza na simu. Sisi wenye buti za bei tulikuwa tunaogelea.

Na hapo ndipo ile alama ya 8 kwa 10 iliponichekesha. Kundini tulikuwa na rafiki anayekimbia marathoni. Kwenye mianzi alikuwa wa kwanza, anatusubiri kila kona kwa tabasamu la huruma. Kwenye nyasi alikwama kabisa. Mwili wake umezoea lami, unataka kila hatua ifanane na iliyotangulia. Binamu yangu, ambaye mlimani kote alikuwa akihema kama injini ya posho mill, alimpita bila kuinua kichwa. Yeye amekulia Gatanga, kwenye miteremko ya majani chai, na utotoni alishazoea kukanyaga mahali asipopaona. Sasa niambie huyu umpe ngapi na yule ngapi.

Wa tatu alikuwa dada mmoja ambaye kabla hatujatoka Nairobi alituambia kwenye kikundi cha WhatsApp: "Mimi siogopi kupanda, naogopa kando." Aliandika hivyo tu, na nadhani aliyoyaandika yalitusaidia kuliko vifaa vyote tulivyobeba. Tulipofika kwenye miamba, upande wa magharibi ulikuwa umeanguka kuelekea Bonde la Ufa na upepo unatoka huko huko. Kiongozi alimpitisha chini kidogo ya mgongo, upande wa mashariki, mahali palipokingwa. "Dada, tazama gambuti zangu, usitazame kwingine." Alipita. Alipita polepole, akilalamika, akitukana kwa Kikuyu, lakini alipita, kwa kuwa kila mmoja alijua tatizo liko wapi.

Mtu wa namna hiyo hanipi wasiwasi. Wasiwasi hunipata kwa yule anayejibu "niko sawa". Kila kundi lina mmoja. Huyu si mwoga kuliko wengine. Ana haya tu. Hataki kuwa sababu ya watu kurudi, amelipa kama wao, ameomba ruhusa kazini, na labda shemeji yake yumo kundini. Kwa hiyo unamuuliza, anajibu sawa. Unauliza tena, anajibu sawa kwa sauti ndogo zaidi. Usimsikilize maneno. Mtazame mikono. Mtu aliyekuwa akipiga picha asubuhi yote na sasa simu haitoki mfukoni, huyo hayuko sawa. Mtu anayekataa njugu kwa sababu vidole vyake vimeshindwa kufungua pakiti, huyo hayuko sawa hata kidogo, maana joto la mwili likianza kushuka vidole ndivyo hutangulia kukataa kazi. Hewa hupoa kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukiiacha Nairobi ikiwa na nyuzi 22, kwenye mgongo ule tarajia 10 au 11, na hapo hujahesabu upepo wala suruali iliyolowa kwenye zile nyasi.

Nimesikia wanaosema kwamba huko ni kuwadekeza watu, kwamba mlima ni wa kujipima, na ukitaka starehe nenda Karura ule aiskrimu. Kuna chembe ya ukweli humo. Watu wengi wamegundua wana uwezo kwa sababu tu rafiki aliwasukuma kidogo, mimi nikiwa miongoni mwao. Lakini kusukumwa kunafaa pale ambapo kushindwa kwako maana yake ni kuketi na kula chapati mpaka wengine warudi. Kwenye mgongo usio na njia, aliyeshindwa hawezi kuketi. Ukungu wa Nyandarua hupenda kuingia mchana, na ukiingia, mtu aliye hatua thelathini nyuma ni mtu asiyeonekana. Simu ina ramani, sawa, lakini mstari ulio kwenye ramani haukuambii kinamasi kina kina gani, na baridi hula chaji.

Wapangaji wa safari nao wana hesabu zao. Nyingi, wajue wasijue, zinafuata kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila maili 3, ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 za kupanda. Ni kanuni nzuri, na programu nyingi za simu bado zinaitegemea kwa namna moja au nyingine. Ila Naismith alimkusudia mtu mwenye afya kwenye ardhi inayopitika. Nyasi za mafungu hazimo, wala dada anayeogopa kando hayumo. Mgongo wa Elephant kuelekea Kinangop ukiupimia kwa hesabu hiyo, giza litakukuta mianzini pamoja na wenye msitu.

Kwa hiyo mimi ningetaka nini? Kwanza, tangazo liache kunipa namba moja. Liniambie palivyo: mahali fulani kuna miamba yenye upande ulio wazi, mahali fulani nyasi za kuzama, kutoka hapa hadi pale hakuna njia, na ukishapita tuta fulani kurudi ni kugumu kuliko kuendelea. Kila mtu atajipimia. Pili, kabla matatu haijatoka, kila mmoja aseme kwa sauti anachokihofia, hata kama ni choo. (Msicheke. Kwenye nyika isiyo na mti, choo ni jambo zito, na nimewaona watu wakikataa kunywa maji kutwa nzima kwa sababu hiyo.) Wa kwanza kusema awe yule mwenye uzoefu kuliko wote. Akisema yeye kwamba radi mgongoni humtetemesha, wale wa "niko sawa" hupata mlango wa kupitia.

Mpangilio wa kutembea nao una maana. Kwenye njia, mwenye mwendo hafifu huwekwa nyuma pamoja na mtu wa kumsindikiza. Nje ya njia mimi humtaka awe wa pili, nyuma ya kiongozi moja kwa moja, ili akanyage alipokanyaga kiongozi na asilazimike kuamua upya. Wenye mbio wakae nyuma. Watanung'unika, lakini mwenye nguvu za ziada akiwa nyuma ana uwezo wa kumfikia aliye mbele. Akiwa mbele, nguvu zake hazimsaidii mtu. Ipo hasara: mstari mmoja wa watu kumi na tano huchimba mtaro kwenye ardhi ile laini, na mvua ikija mtaro unakuwa mfereji. Ardhi hiyo ndiyo inayoilisha Sasumua na Ndakaini, mabwawa ambayo maji yake tunaoga hapa Nairobi. Ndiyo sababu napendelea kundi dogo. Watu sita wenye hofu tofauti wanazungumzika. Watu ishirini wanakuwa msafara.

Linabaki suala la kugawanyika, ambalo ndilo huvunja urafiki. Mmefika kileleni Elephant, saa sita imepita, wawili wanataka kurudi na wanne wanataka mgongo. Wanne huona dhahiri kwamba wawili wasubiri pale pale au warudi taratibu wenyewe, njia si ipo? Lakini askari ni mmoja na bunduki ni moja. Mianzini kuna nyati, na wawili waliochoka hawana mtu. Kwa hiyo kundi lenye askari mmoja haligawanyiki. Anayetaka kurudi amekwisha kuamua kwa niaba ya wote, na hilo lazima lijulikane mapema, kituoni, kabla ya mtu yeyote kuanza kujisikia vibaya. Mkijua tofauti zenu ni kubwa na mgongo mnautaka kweli, ombeni askari wa pili pale Njabini asubuhi. Na gharama yake wabebe wanaotaka kuendelea, kwa kuwa hao ndio wanaohitaji kundi ligawanyike.