Mikondo ya ncha za dunia: mzunguko wa asili haupunguzi hatari

Uamuzi kuhusu kuta za bahari, magati na mikoko ya pwani yetu hufanyika Dodoma, mji ulio mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako maji yanayojadiliwa mwaka mzima ni ya visima vya Mzakwe na ya bwawa la Mtera. Katika mijadala hiyo hoja moja hurudi mara kwa mara: kwamba bahari imekuwa ikipanda na kushuka tangu zamani, kwamba mikondo ya ncha za dunia ina mizunguko yake ya miaka kumi, ishirini au zaidi, na kwamba si busara kutumia fedha za nchi maskini kwa hofu ya jambo linaloweza kujirudi lenyewe. Wanaopinga hujibu kwamba dunia inapata joto, barafu inayeyuka, na anayesubiri anajidanganya. Hoja ya kwanza inastahili kupimwa kwa uzito wake, kwa sababu sehemu kubwa ya wanayosema wenye hoja hiyo ni kweli.

Ushahidi wao wa karibu zaidi uko Zanzibar. Kipimo cha kujaa na kupwa kwa maji bandarini hapo kina kumbukumbu tangu mwaka 1984, na kwa takribani miaka ishirini ya mwanzo kilionyesha bahari ikishuka, wakati wastani wa dunia nzima ulikuwa ukipanda. Kipimo hakikuwa na kasoro. Mwenendo wa pepo juu ya Bahari ya Hindi ulikuwa umebadilika na kuyasogeza maji mbali na eneo letu na la Shelisheli, yakarundikana kwingine. Mtaalamu aliyepewa kumbukumbu hiyo peke yake angeweza kuiandikia serikali, kwa nia njema kabisa, kwamba pwani haina la kuogopa.

Katika bahari ya Aktiki mambo ni hayo hayo, ila kwa ukubwa zaidi. Kaskazini mwa Alaska na Kanada kuna mzunguko mkubwa wa maji unaoendeshwa na upepo; unapokuwa na nguvu hukusanya katikati yake maji baridi yasiyo na chumvi nyingi, na unapolegea maji hayo hutoroka kuelekea Atlantiki ya Kaskazini. Vipimo vilivyowekwa kando ya pwani ya Siberia tangu katikati ya karne iliyopita vimeonyesha usawa wa bahari ukipanda na kushuka kwa kufuata mabadiliko ya pepo hizo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wingi wa maji yenye chumvi pungufu ulitoka Aktiki na kuzunguka Atlantiki ya Kaskazini kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kufifia. Anayesema bahari za ncha hubadilika zenyewe hasemi uongo.

Atlantiki ndiko wenye hoja ya mizunguko wanakopata ushahidi wao bora. Tangu mwaka 2004 watafiti wamekuwa wakipima mzunguko wa Atlantiki, yaani maji ya joto yanayokwenda kaskazini juu juu na maji baridi yanayorudi kusini kwenye kina kirefu, kwa kutumia nyaya zenye vipimo zilizotiwa nanga kati ya Bahama na Visiwa vya Kanari. Kwa wastani mzunguko huo hubeba mita za ujazo milioni 17 hivi kila sekunde. Upande wa Florida hutumika kebo ya simu iliyolazwa chini ya bahari: maji ya chumvi yanapopita katika usumaku wa dunia huzalisha umeme kidogo sana, na umeme huo ukipimwa kwenye kebo hueleza ni maji kiasi gani yamepita. Mwaka 2024 watafiti walionyesha kwamba usumaku wenyewe ulikuwa umebadilika polepole kwa miongo kadhaa bila mabadiliko hayo kuingizwa kwenye hesabu. Yalipoingizwa, mkondo wa Florida ulionekana kuwa thabiti, na kupungua kwa mzunguko wote kulikokuwa kumetangazwa kukawa kudogo zaidi. Ni somo zito kwa wote wanaotangaza maafa kwa kutegemea kumbukumbu ya miaka ishirini.

Hata hivyo tukio jingine la Atlantiki linadai lisikilizwe pia. Kati ya mwaka 2009 na 2010 mzunguko ule ulipungua kwa takribani asilimia 30, na bahari kwenye pwani ya kaskazini-mashariki mwa Marekani ikapanda kwa sentimita zipatazo kumi ndani ya muda mfupi, kisha ikashuka mzunguko ulipopata nguvu tena. Lilikuwa badiliko la kupita, lakini maji yaliyoingia mitaani wakati huo hayakuwa na habari kwamba ni ya kupita.

Hapa ndipo ninapoachana na wenye hoja ya mizunguko. Mzunguko wa asili, uwe wa pepo au wa mikondo, huhamisha maji kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Hauongezi jumla yake. Jumla hiyo inapimwa. Kati ya mwaka 1901 na 2018 wastani wa usawa wa bahari duniani ulipanda kwa sentimita 20 hivi: kasi ilikuwa milimita 1.3 kwa mwaka hadi 1971, ikafika milimita 3.7 kati ya 2006 na 2018. Setilaiti zinazopima mvutano wa dunia zimekuwa zikifuatilia uzito wa barafu ya Greenland na Antaktika tangu 2002, na uzito huo unapungua. Upepo hauwezi kueleza maji yaliyoongezeka katika bahari zote kwa pamoja.

Kosa kubwa zaidi la hoja hiyo ni kudhani kwamba kinachoanzishwa na mzunguko hukoma mzunguko unapogeuka. Barafu ya Pine Island, magharibi mwa Antaktika, inatuonyesha vingine. Udongo uliochimbwa chini ya sakafu ya bahari mbele yake unaeleza kwamba maji ya bahari yalianza kupenya nyuma ya mwinuko wa sakafu ya bahari ulioizuia barafu hiyo, katika miaka ya 1940, baada ya kipindi cha joto kilichohusishwa na El Niño. Hicho kilikuwa kipindi cha asili. Hali ya hewa ilirudi ilivyokuwa, lakini barafu haikurudi. Kufikia miaka ya 1970 ilikuwa imeachana na mwinuko ule, na hadi leo inaendelea kurudi nyuma.

Sisi wa katikati ya nchi tunalijua jambo la namna hii. Mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu, unaolisha Mtera, ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na ubishi ukawa kama ni mvua au ni mifereji ya mashamba ya mpunga ya Usangu. Mvua kubwa za 1997 na 1998 zilikuja, bwawa likapata maji, lakini mto uliendelea kukauka viangazi vilivyofuata. Aliyesubiri mvua imalize ubishi alisubiri bure.

Upande wa pili nao haupaswi kuachiwa kila kitu. Kisiwa cha Maziwi, karibu na Pangani, ambako kasa walikuwa wakitaga, kilimezwa na maji mwishoni mwa miaka ya 1970, na mara nyingi hutajwa kama mhanga wa bahari inayopanda. Lakini miti iliyoshika mchanga wake ilikuwa imekatwa. Kulaumu barafu ya mbali kwa kila mmomonyoko ni kuwasamehe wachimba mchanga na wakata mikoko walio karibu. Vilevile, habari kwamba mzunguko wa Atlantiki utaanguka wakati wowote zinapita kiasi: jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi lilisema mwaka 2021 kwamba utadhoofika katika karne hii, ila halikutarajia uanguke ghafla kabla ya 2100, na imani yake katika hilo ilikuwa ya wastani tu.

Lakini kuna jambo ambalo wabunge wetu hawaambiwi vya kutosha. Barafu nene huvuta maji ya bahari kwa uzito wake. Ikipungua, bahari iliyo jirani nayo hushuka, na ile ya mbali hupanda kupita wastani. Pwani ya Tanzania iko mbali na Greenland na mbali na Antaktika, kwa hiyo sehemu yetu ya maji hayo inazidi kidogo wastani wa dunia.

Kwa sababu hiyo nisingemshauri waziri yeyote ajenge leo ukuta wa kimo cha mwaka 2100. Ningemshauri msingi ujengwe kwa upana utakaobeba nyongeza, mikoko ya delta ya Rufiji ilindwe sasa kwa kuwa ni nafuu kuliko zege, na vipimo vya maji bandarini vipewe fedha za matengenezo kila mwaka, kwa sababu mwaka ambao haukupimwa haupimiki tena. Gati linalojengwa Dar es Salaam leo litatumika kwa miaka hamsini au zaidi. Mzunguko wa miaka ishirini utalipitia zaidi ya mara moja, na katika kila kilele chake bamvua zitaanzia juu zaidi ya kilele kilichotangulia.