Mjamzito kwanza au mjamzito mwisho? Mafua ya janga na hasara ya kusubiri

Janga la mafua likizuka, swali la mjamzito huchelewa kuulizwa, na likiulizwa hujibiwa kwa neno moja: asubiri. Asubiri chanjo ijaribiwe kwa wengine kwanza. Asubiri dawa mpaka ajifungue, au walau mpaka majibu ya vipimo yatoke. Ni jibu la upole, na wanaolitoa mara nyingi ni watu wema: wauguzi, mama wakwe, madaktari waliokaa wodini miaka mingi. Wanaosema mjamzito awekwe mbele ya foleni huonekana watu wa papara, au wametumwa na wenye viwanda vya dawa. Nadhani hawa wa pili wana hoja kubwa kuliko wanavyosikilizwa, na takwimu zao hazijasambaa sana huku kwetu.

Kwamba mafua makali huwaandama wajawazito si habari mpya. Mwaka 1919 daktari mmoja wa Marekani, J. W. Harris, alikusanya taarifa za wajawazito 1,350 waliougua mafua ya 1918. Karibu nusu walipata nimonia, na kati ya hao zaidi ya nusu walikufa. Kwa ujumla walikufa asilimia 27. Mafua ya 1957 yalipopiga jimbo la Minnesota, Marekani, nusu ya wanawake wa umri wa kuzaa waliokufa kwa ugonjwa huo walikuwa na mimba. Kikaja kirusi cha H1N1 mwaka 2009, kile kilichoitwa mafua ya nguruwe: wajawazito ni kama asilimia 1 tu ya Wamarekani, lakini katika miezi ya mwanzo walichukua asilimia 5 ya vifo vilivyoripotiwa.

Msomaji makini atauliza kama hesabu hizo hazikuvimbishwa. Mjamzito akikohoa kidogo tu hukimbizwa hospitali, hupimwa, hulazwa kwa usalama wake. Ni kweli, na ndiyo maana ile takwimu maarufu ya 2009, kwamba walilazwa mara nne zaidi ya watu wengine, mimi siitegemei. Lakini hakuna anayewekewa mashine ya kupumulia kwa ajili ya usalama tu, na hakuna anayekufa kwa tahadhari. Mwili wenyewe unaeleza sababu. Mimba ikikua, tumbo husukuma kiwambo cha kifua juu na mapafu hupoteza nafasi yake ya akiba, wakati uleule mwili unataka oksijeni zaidi na moyo unabeba kazi ya watu wawili. Kinga ya mwili nayo hubadilika ili kumvumilia mtoto. Kirusi chenyewe ni nadra kuvuka kondo la nyuma. Mtoto huumizwa na homa kali ya mama, na mama kukosa pumzi. Kwa hiyo anayetaka kumlinda mtoto kwa kumnyima mama tiba amekosea njia tangu mwanzo.

Takwimu inayonikosesha raha zaidi haihusu chanjo kabisa. Inahusu siku. Katika taarifa za wajawazito 788 wa Marekani walioripotiwa kuugua H1N1 mwaka 2009, waliopewa dawa ya kupambana na virusi, kama oseltamivir, ndani ya siku mbili tangu dalili zianze, asilimia 9.4 walifikishwa chumba cha wagonjwa mahututi. Waliopewa baada ya siku nne kupita: asilimia 56.9. Mara sita. Nchi moja, ugonjwa mmoja, dawa zilezile, kilichotofautiana ni tarehe. California nako, katika uchunguzi wake, wajawazito waliocheleweshewa dawa zaidi ya siku mbili walikuwa na hatari ya kufa au kuingia mahututi zaidi ya mara nne ya waliowahi.

Mtu anaweza kupinga, na apinge: hawa hawakugawanywa kwa kura nani apewe dawa mapema na nani achelewe, na huenda waliochelewa ni wale waliovumilia nyumbani mpaka hali ikawa mbaya, kwa hiyo walifika tayari wakiwa hoi. Hilo linaweza kueleza sehemu ya pengo. Kueleza pengo la mara sita lote ni kazi nyingine. Tena tuangalie walichelewa kwa nini. Kule California, kipimo cha haraka kilisema "hakuna mafua" kwa asilimia 38 ya wagonjwa waliokuwa nayo na waliopimwa kwa kipimo hicho. Daktari aliyesubiri cheti cha maabara kabla ya kumpa mjamzito dawa alikuwa anafuata utaratibu, na utaratibu ulimdanganya kwa zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya watatu. Na hiyo ni California, ambako dawa ipo famasia.

Sasa ihamishie hesabu hiyo kwenye zahanati ya huku kwetu. Mjamzito anakuja ana homa. Anapimwa malaria, na ni sawa apimwe, maana malaria haina mzaha na mimba. Kipimo kikisema hana, mara nyingi ataondoka na panadol, pengine na amoksilini, na maneno haya: ukiona bado, rudi baada ya siku tatu. Siku tatu hizo, ukijumlisha na zile alizokaa nyumbani kabla ya kuja, ndizo zinazomtoa kwenye kundi la asilimia 9 na kumpeleka kuelekea kundi la asilimia 57. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Katika msimu wa kawaida ushauri ule haumdhuru mtu. Katika janga unaua, na kabati la zahanati halina hiyo oseltamivir ya kumpa hata muuguzi akiamua kuharakisha.

Kwa watoto habari ni hiyohiyo. Uingereza ilifuatilia wajawazito waliolazwa kwa H1N1: katika kila vizazi 1,000, watoto 39 walizaliwa wakiwa wamekufa au walikufa ndani ya wiki ya kwanza. Kwa wanawake wasiougua ilikuwa 7. Wengi wa hao 39 hawakuwahi kulia. Njiti nao waliongezeka. Zipo pia hoja kwamba watoto waliokuwa tumboni mwaka 1918 walikuja kusoma kidogo na kulipwa kidogo ukubwani, kama alivyodai mchumi Douglas Almond mwaka 2006. Waliorudia hesabu zake walionyesha kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia vilibadilisha aina ya wanaume waliobaki nyumbani kuwa baba mwaka ule, kwa hiyo tofauti ile huenda haikuletwa na mafua. Hiyo naiweka kando. Vifo vinatosha.

Afrika ina ushahidi wake. Afrika Kusini ilipochambua vifo vyake 91 vya mwanzo vya H1N1 mwaka 2009, zaidi ya nusu ya wanawake wa umri wa kuzaa ambao hali yao ilijulikana walikuwa wajawazito au wametoka kujifungua, na zaidi ya nusu ya marehemu waliokuwa na majibu ya kipimo cha VVU walikuwa wanaishi na virusi hivyo. Mimba na VVU kwa pamoja, katika ukanda wetu, si jambo la kufikirika.

Wanaosema asubiri hawakuota hofu yao usingizini. Thalidomide iliuzwa kuanzia 1957 kama dawa salama, ikawapa hata wajawazito usingizi na nafuu ya kichefuchefu, na kabla haijaondolewa sokoni ilikuwa imeacha watoto zaidi ya 10,000 wenye viungo vilivyoharibika. Mwaka 1976 Marekani ilichanja watu zaidi ya milioni 40 dhidi ya janga la mafua ambalo halikuja, na baadhi yao wakapooza kwa ugonjwa wa Guillain-Barré. Pandemrix, chanjo ya H1N1 ya 2009, ilihusishwa na ugonjwa wa kusinzia ghafla kwa watoto na vijana wa Finland na Sweden. Mwaka 2017 utafiti wa Marekani uliona mimba zikiharibika zaidi kwa waliochanjwa mafua miaka miwili mfululizo, ukizihusisha na sehemu ya H1N1 ndani ya chanjo. Utafiti mkubwa zaidi wa watafiti walewale, uliotoka 2019, haukuliona jambo hilo. Wa kwanza bado unazunguka WhatsApp, wa pili sijauona ukizunguka.

Karibu zaidi na nyumbani, mwaka 2014 maaskofu Katoliki wa Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49 ilikuwa na hCG, homoni ya mimba, ya kuwazuia wasishike mimba. Serikali, WHO na UNICEF walikanusha. Ubishi ukahamia maabara, kisha kwenye siasa, na mwanamke wa kawaida akabaki na maneno ya pande mbili anazoziheshimu zote. Ukimwambia mwanamke huyo kesho kwamba kuna chanjo mpya ya janga na yeye yuko mstari wa mbele, swali lake la kwanza litakuwa: kwa nini mimi? Ni swali la mtu mwenye akili timamu.

Hoja nzito kuliko zote za upande huu, ajabu, ni ya fedha, na hutajwa kidogo kuliko ile ya hofu. Mama zetu wengi hufa kwa kutokwa damu na kifafa cha mimba. Mafua ya kawaida katika nchi za joto hayana msimu mmoja, chanjo yake hubadilishwa kila mara, na katika majaribio ya Soweto, Afrika Kusini, ilizuia karibu nusu tu ya mafua kwa akina mama wasio na VVU na kwa vichanga wao. Bamako, Mali, ambako wajawazito zaidi ya 4,000 walishiriki, kinga kwa kichanga ilikuwa nzuri miezi minne ya kwanza, kisha ikafifia. Waziri wa afya anayesema shilingi yake ataipeleka kwenye damu salama kabla ya chanjo ya mafua ya kila mwaka, mimi simlaumu.

Ila janga si mafua ya kila mwaka, na hapo ndipo hoja ya kusubiri huazima nguvu isiyo yake. Thalidomide haikujaribiwa ipasavyo juu ya mimba kabla ya kuuzwa, lakini tulichojifunza ni kuwaondoa wajawazito kwenye majaribio karibu yote. Matokeo yake, janga likija, ushahidi juu yao haupo, na kutokuwepo kwake kunageuzwa kuwa sababu ya kuwanyima. Tuliliona wakati wa Covid. Uingereza ilianza kuchanja Desemba 2020 ikiwaacha nje wajawazito wengi, ushauri ukabadilika Aprili 2021, na kufikia Oktoba NHS, huduma ya afya ya umma ya England, ikatangaza kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya watano waliokuwa hoi kabisa kwa Covid katika miezi mitatu iliyotangulia alikuwa mjamzito ambaye hajachanjwa. Hofu ya miezi ile minne ilidumu muda mrefu kuliko ushauri wenyewe.

Kwa hiyo ningependa mipango ya janga ya nchi zetu iseme mambo mawili bila kumung'unya maneno: mjamzito mwenye dalili wakati wa janga aanzishiwe dawa siku hiyohiyo bila kungoja maabara, na dawa hiyo iwepo kwenye bohari kabla ya janga. Njia ya kumfikia tayari ipo. Kliniki inayompa chanjo ya pepopunda, dawa ya kuzuia malaria na vidonge vya kuongeza damu inaweza kumpa na hii.

Wenye mashaka nao wana deni wanalotudai. Norway iliweza kujibu swali la chanjo ya 2009 kwa sababu ilikuwa na kumbukumbu za mimba 117,347 zilizounganishwa na kumbukumbu za chanjo na za ugonjwa: waliougua mafua walikuwa na hatari ya mtoto kufia tumboni karibu mara mbili, na waliochanjwa hawakuwa na hatari iliyoongezeka. Kwetu habari ya mimba iko kwenye kadi ya kliniki, na kadi anaondoka nayo mama. Akijifungulia kituo kingine, au mtoto asipolia, hakuna anayerudi kuisoma na kuilinganisha na tarehe ya sindano. Mpaka kadi hizo ziunganishwe, muuguzi atakayeulizwa "kwa nini mimi?" atalazimika kujibu kwa takwimu za Norway, mbele ya mwanamke anayekumbuka ya 2014.