Foku Imegeuka Nyuma, Meneja Yuko Mkutanoni

Chini kabisa ya risiti yangu, baada ya jumla na ile alama ya mraba ya mamlaka ya mapato, kuna sentensi moja: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Herufi zake ni ndogo kiasi cha kutafuta miwani, lakini wapo wafanyakazi wa duka lile wanaoijua kuliko wanavyojua bei za rafuni. Wapo pia ambao hawajawahi kuisikia. Ukiangukia kwa hawa au kwa wale, Mungu ndiye anajua, na hicho ndicho kimenikalisha hapa kuandika saa hizi badala ya kulala.

Binti yangu amemaliza P7, yaani darasa la saba, matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yakatoka akiwa daraja la kwanza, na ahadi ni deni. Alitaka baiskeli. Hizi nyeusi za chuma zinazopanda na mikungu ya matoke mpaka sokoni hakuzitaka. Yeye alitaka yenye gia, nyekundu. Tukaenda kwenye supamaketi moja kubwa, mojawapo ya haya yenye matawi sehemu mbalimbali za Kampala. Jina silitaji, maana nikitaja hili mtadhani mengine yana nafuu. Shilingi laki tano na ishirini. Kijana wa upande wa vifaa vya michezo akaishusha kwenye ndoano, akafuta vumbi la kiti kwa kiganja, akaisukuma hadi kwa keshia. Hakubonyeza breki, hakugusa spana. Nilipomuuliza kama imekazwa vizuri alinijibu bila kunitazama: "Zinakuja tayari, nyabo," yaani mama.

Haziji tayari hata siku moja. Baiskeli kama hizi zinafika ndani ya boksi, gurudumu la mbele limetolewa, usukani umelazwa ubavuni, foku, ile panda ya chuma inayoshika gurudumu la mbele, mara nyingi imezungushwa kuelekea nyuma ili boksi lifungike, na pedeli mbili zimo kwenye kimfuko cha nailoni pamoja na nati. Lazima mtu aziunge. Kwenye maduka haya mtu huyo ni yeyote ambaye asubuhi ile hajapangiwa kujaza maziwa kwenye friji. Anapewa spana moja, anaambiwa kuna baiskeli kumi za kufunga kabla wateja hawajaingia, basi.

Fundi wetu hapa Naguru, mzee ambaye na lile beseni lake la maji ya kutafutia pancha nimewakuta wote wawili nilipohamia, hakuhitaji hata kuinuka kwenye kibao chake. "Mama, nani kakufungia hii? Foku inaangalia nyuma."

Akanionyesha. Foku ya baiskeli huwa imepinda kidogo kwenda mbele, na breki ya mbele hukaa upande wa mbele, mahali unapoiona. Ya binti yangu ilikuwa imejificha kwa ndani, inatazamana na bomba la fremu, na tairi limesogea hadi ncha ya kiatu inaligusa akikata kona. Mtoto alikuwa ameniambia usukani "unacheza". Hilo peke yake lingetosha kunichefua, lakini mzee alikuwa hajamaliza. Pedeli ya kushoto nyuzi zake, ile mistari ya skrubu, ni za kinyume. Inakazwa kwa kuzungusha upande ambao nati nyingine zote zinafunguka. Watengenezaji wamegonga herufi L na R kwenye ncha za chuma ili hata asiyejua asikosee. Aliyefunga ya kwetu aliona pedeli inakataa, akaona dawa ni nguvu. Akailazimisha ya kulia iingie kushoto, nyuzi za ndani ya mkono wa pedeli zikalika zote. Ikashika siku chache kwa huruma tu. Halafu pale kwenye mwinuko wa kupanda Naguru, mtoto kasimama juu ya pedeli ili apate nguvu, ikachomoka. Goti limechunika. Meno yamenusurika, na boda iliyokuwa nyuma yake ilikuwa na dereva mwenye akili, nao si wengi.

Basi nikarudi dukani na baiskeli, na risiti, na goti la mtoto.

Danadana niliyopigwa mnaijua, sitawachosha. Dada wa huduma kwa wateja aliniambia nimwone supavaiza. Supavaiza akasema imekuja hivyo kutoka kwa msambazaji, kana kwamba msambazaji ndiye aliyechukua pesa yangu. Akaongeza kwamba mtoto ameiangusha. Nikamwonyesha pedeli, herufi R iko wazi upande wa kushoto, nikamuuliza mtoto anaiangushaje baiskeli mpaka pedeli zinabadilishana mahali. Akasoma ile sentensi ya risiti. Akaisoma kwa sauti, kidole kikitembea chini ya maneno, kama mwalimu wa P1. Nikaomba meneja. Meneja yuko mkutanoni. Tangu nianze kununua vitu katika mji huu sijawahi kukuta meneja wa supamaketi ambaye hayuko mkutanoni. Ningependa siku moja nione hicho kinachojadiliwa.

Wakati natoka, askari wa mlangoni, yule anayetoboa risiti, akanisemesha kwa Kiswahili. Ni mtu wa Arua, kule kaskazini-magharibi mwa Uganda, lafudhi haijifichi. (Ndani ya duka ukisema Kiswahili wanakutazama kama umetumwa kutoka kambi ya jeshi. Baraza la mawaziri lilipitisha mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwa keshia hakijafika.) Akaniambia polepole: "Dada, leo usijisumbue. Njoo kesho kabla ya saa nne. Kuna mama wa zamu ya asubuhi, huyo ndiye anajua kazi."

Nikaenda. Mama wa zamu ya asubuhi aliangalia baiskeli kwa muda wa kumeza mate, akasema "Aa, hii tumekosea sisi," akaenda stoo, akarudi na mkono mpya wa pedeli uliotolewa kwenye baiskeli nyingine. Akageuza foku mwenyewe. Akakaza breki, akajaza upepo, akamwomba mtoto radhi. Risiti hakuiuliza. Nikamtajia ile sentensi, akacheka akasema hiyo ni ya chupi na vipodozi.

Ilipasa nifurahi. Nilitoka pale nimekasirika kuliko nilivyoingia.

Kumbe ilikuwa inawezekana. Vifaa vilikuwepo, spana ilikuwepo, ruhusa ya kuhudumia mteja ilikuwepo, na ndani ya jengo lile lile kulikuwa na mtu anayejua pedeli ya kushoto inakazwa upande gani. Kilichonitenganisha na hayo yote jana yake ni ratiba ya zamu. Na askari wa mlangoni anaijua! Anayelipwa kutazama mifuko ya watu ndiye anayejua huduma ya duka hili inapatikana saa ngapi, mwenye duka hajui. Mfanyakazi mwenzangu alinunua baiskeli ya aina hiyo hiyo, bei hiyo hiyo, tawi jingine la duka hilo hilo. Wakampimia kijana wake urefu wa kiti, wakamruhusu aizungushe kwenye maegesho, wakamwambia airudishe baada ya mwezi wamkazie waya za breki kwa sababu zikiwa mpya hulegea. Aliponisimulia nilidhani ananitania. Bango la mlangoni ni moja, mfuko wa kubebea ni mmoja, shati za wafanyakazi rangi moja.

Jina kubwa linauzwa kwa nini, kama si ili huduma nayo iwe moja kila tawi? Mimi nikienda kwa fundi wa mitaani najua nanunua mtu. Nikimpata mzuri nimempata, nikimpata mwizi nimejitakia, na jirani ataniambia. Duka lenye matawi linaniambia nisihangaike na watu, niamini nyumba. Linatoza bei ya nyumba. Halafu likifika wakati wa nyumba kujibu, narudishwa kwa mtu: kama ana moyo, kama ameamka vizuri, kama anapenda sura yangu. Yule mama wa asubuhi alinihudumia kwa hiari yake. Kesho akihamia kazi nyingine, wema wote wa tawi lile unaondoka naye kwenye mkoba wake, na wateja wa baiskeli wabaki na supavaiza na kidole chake.

Najua mtaniambia nini. Wafanyakazi wanalipwa kiduchu. Ni kweli, siwezi kubisha. Katika nchi ambayo kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 ni shilingi elfu sita kwa mwezi, na muswada wa kukibadilisha uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 ukakosa saini ya Rais, sitamlaumu kijana wa rafuni kwa kutojua nyuzi za pedeli. Hakufundishwa. Hasira yangu ipande ngazi, iwafikie walioona ni sawa kuuza chombo cha kumbebea mtoto barabarani kwa taratibu zile zile za kuuza pakiti ya sukari. Sukari ikiwa na kasoro, chai inaharibika.

Na mtaniambia nikanunue mjini chini, kwenye maduka ya baiskeli yenyewe. Huko nako nimeona mambo. Bei inategemea umevaa nini, na kuna mahali mtu anakuonyesha breki nzuri kisha anakufungia nyingine. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba supamaketi ina bei iliyoandikwa na risiti ya kweli. Lakini mjini chini baiskeli inafungwa mbele yako na mtu ambaye mikono yake imekuwa myeusi kwa grisi tangu ujana, na ikilegea unajua kiti anachokalia.

Hiyo sentensi ya kwenye risiti, kwa njia, isiwatishe. Tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, nayo inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa na kinachofanya kazi kilichonunuliwa kufanya. Baiskeli ambayo pedeli yake inachomoka mlimani haifanyi kazi hiyo. Supavaiza akianza kukusomea risiti, na wewe msomee hiyo. Na kabla hujatoka dukani, simama mbele ya baiskeli uangalie breki ya mbele iko upande wako au imejificha, kisha inama usome zile herufi mbili kwenye pedeli. Hakuna atakayekufanyia, labda uwe umekuja kabla ya saa nne.

Nimewaandikia makao makuu. Sikuomba fidia. Nimeuliza jambo moja tu: katika kila tawi, nani ameruhusiwa kufunga baiskeli, na kwa nini jina lake lisiandikwe kwenye kadi ikafungwa kwenye usukani, ili ikichomoka pedeli nijue pa kuanzia. Nimeomba pia yule mama wa asubuhi apewe nafasi ya kuwafundisha wenzake, na alipwe kwa hilo, maana sasa anafanya kazi ya duka zima kwa mshahara wa zamu moja.

Mpaka leo nimepata jibu moja kwenye simu. Wananishukuru kwa kuwa mteja wao mwaminifu, na mafuta ya kupikia yamepunguzwa bei mpaka Jumapili.