Jibini la Mama Mkwe

Kwa kuwa shemeji yangu amekwisha kuisimulia nusu ya Bukavu, na ujumbe wake wa sauti wa dakika 4 umenifikia hata mimi kupitia kundi la kwaya ambalo yeye si mwanachama, naona heri niieleze habari hii mwenyewe. Si kweli kwamba nilimpelekea mama mkwe wangu kitu kilichotoka chooni. Kilitoka katika poti ya mtoto, nayo ilikuwa mpya.

Sisi ni watano: mimi, mama watoto, na watoto wa miaka 6, miaka 3 na miezi 8. Boti ya mwendo wa kasi hutoka Goma ikafika Bukavu kwa muda wa saa 3 hivi, lakini ukizidisha nauli yake kwa vichwa vyetu, unaanza kuuona uzuri wa meli kubwa inayosafiri usiku. Nilimweleza mama watoto kwamba usiku watoto hulala. Alinitazama kidogo, akaendelea kukunja nepi.

Sasa, mtu wa Goma haendi ukweni Bukavu bila jibini la milima ya Masisi; hata akibeba dhahabu, ataulizwa fromaji iko wapi. Nilinunua moja la mviringo, zito, zuri, nikalifunga kwa plastiki. Begi lilikuwa limejaa termosi ya uji, nguo za akiba na mablanketi, kwa maana ziwa letu la Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na baridi yake ya usiku haina huruma kwa watoto. Nikaogopa jibini lisije likabonyea. Ndipo nilipoiona poti. Jibini liliingia humo kana kwamba fundi mmoja ndiye aliyevipima vyote viwili, nami nikavifunika kwa kitenge, nikajisifu moyoni kwa akili nyingi. (Ninyi mliokwisha kuanza kucheka, subirini.)

Usiku wa manane, tukiwa mahali fulani ubavuni mwa kisiwa cha Idjwi, yule wa miaka 3 aliamka akasema, "Baba, mkojo." Mama watoto alikuwa amelala na mtoto mchanga kifuani. Choo kilikuwa mwisho kabisa wa meli, na kati yetu nacho walilala watu, magunia na kuku mmoja. Nikapapasa gizani, nikaivuta poti, nikaondoa kitenge, nikamkalisha mtoto.

Akanyamaza kidogo. "Baba, imejaa."

"Haiwezi kujaa," nikamjibu kwa sauti ya mtu mwenye elimu, "ni mpya."

Kisha nikakumbuka. Nilimnyanyua kwa kasi ambayo sikujua kwamba bado ninayo, nikaruka naye magunia hadi chooni. Natamka mbele yenu wote: hakukojoa. Alikaa tu, tena juu ya plastiki. Niliporudi nilipanguza, nikakagua kwa tochi ya simu, nikapanguza tena, kisha nikamwinamia mwanangu na kumwambia maneno yaliyoniangamiza: "Tusimwambie mama."

Asubuhi tukapanda Kadutu, mtaa wa ukweni pale Bukavu, tukapokewa kwa vigelegele. Sebuleni walikuwapo mama mkwe, shangazi wawili, wazee wa kanisa, baba mkwe mdogo ambaye masikio yake yamechoka, na shemeji na simu yake. Mama mkwe aliliweka jibini juu ya meza, akalipigapiga kwa kiganja kama mtu anayempongeza ndama, akasema kwamba binti yake aliolewa na mtu anayejua adabu. Akapangusa kisu. Akakata kipande cha kwanza, akampa baba mkwe mdogo. Akakata cha pili, na hicho kilikuwa chake. Nikakiona kikipanda polepole, kikapita kifua, kikakaribia kidevu, na mlangoni nikamwona mwanangu akitafuna andazi, akimtazama bibi yake kwa upendo wote alio nao.

"Bibi, hiyo ndiyo nilikalia nikitaka kukojoa. Baba alisema tusimwambie mama."

Kipande kikasimama hewani. Mjue kwamba mimi humwita mama mkwe "Mama". Basi kila aliyekuwa mle ndani akaelewa kwamba Mama aliyefichwa siri ni yeye. Nikasimama ili nieleze kwamba nilimkusudia mama mwingine, yaani mke wangu, naye akageuza kichwa taratibu, na papo hapo nikawa nimewadanganya mama wawili kwa sentensi moja. Ningenyamaza. Sikunyamaza. "Hakukojoa, Mama," nikasema, "alikaa tu, tena kwa matako makavu." Kiswahili kimetupa makalio, kimetupa mpaka sehemu za kukalia, ulimi wangu ukachagua hilo, mbele ya mkwe, mbele ya wazee wa kanisa, kabla ya chai.

Katika ukimya ule, baba mkwe mdogo alinyoosha sahani yake akaomba kipande cha pili.

Mengine ni mafupi. Shangazi mmoja alitoka nje akidai anakohoa, jibini likaondolewa, tukala sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mama watoto alianza tena kuzungumza nami siku ya tatu, na tulirudi kwa boti ya kasi, nauli nikailipa bila kuhesabu vichwa. Poti tumeisahau kule Kadutu, na katika nyumba hii hakuna mwenye ujasiri wa kupiga simu kuiulizia.