Mdundo Wanaoutafuta Köln Uko Kisumu

Huku Ujerumani, kijana anayetaka kutengeneza muziki wa saikedeliki kwa vipande vya santuri hasumbuliwi na vifaa. Umeme ni wa uhakika na maduka ya santuri kuukuu yapo. Ila ikifika saa nne usiku jirani ana haki ya kudai utulivu, basi muziki wa besi nzito unatungwa ndani ya hedifoni. Kisumu stima hupotea katikati ya kazi, lakini spika zinapumua. Na jambo kubwa zaidi: sauti yenyewe iko nyumbani.

Sikiliza krautroki, yaani roki ya majaribio ya Ujerumani, ya Can, kundi lililoanza Köln mwaka 1968, au Neu! ya Düsseldorf, 1971. Wapiga ngoma wao, Jaki Liebezeit wa Can na Klaus Dinger wa Neu!, walishika mdundo mmoja dakika kwa dakika, mpaka sikio likaacha kungoja kiitikio na kuanza kusikia mabadiliko madogo. Mpiga nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Waluo, anafanya hivyohivyo: nyuzi 8 zinazunguka, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga ubavu wa chombo bila kuchoka. Benga, muziki wa dansi wa Waluo, ikahamishia mzunguko huo kwenye magitaa.

Kwa hiyo anza na benga. Tafuta pale mwimbaji aliponyamaza na magitaa yakashika kasi. Kwenye santuri ndogo, mara nyingi ni upande wa pili. Rekodi kwa biti 24, kilele kisipite desibeli −6. Ukisikia mngurumo, kagua waya wa ardhi wa kinanda cha santuri kabla ya kununua chochote.

Hapa ndipo wengi huharibu. Benga ilipigwa kwa mkono na huongeza mwendo kadiri inavyopamba moto, hivyo kipande kirefu kitaachana na mashine ya ngoma. Ukikivuta kwa kompyuta, mdonoo wa gitaa unafifia, na huo mdonoo ndio roho ya benga. Kata mapigo 4 tu, ukiwashe upya kila pigo la kwanza. Kata pale wimbi la sauti linapovuka mstari wa katikati, ama sivyo kitalia "tk" kila mzunguko. Milisekunde 5 za kufifisha zinamaliza tatizo. Kisha cheza santuri ya mizunguko 45 kwa dakika kwa mwendo wa 33: mapigo 120 kwa dakika yanakuwa 89 hivi, sauti inashuka karibu nusu-toni 5, na gitaa linakuwa zito kama uji wa wimbi. Weka mwangwi wa milisekunde 506, robo tatu ya pigo. Juu yake zungusha kipande cha mapigo 12 dhidi ya kingine cha 16. Vitakutana baada ya mapigo 48.

Ruhusa nayo ni kazi. Huku, sekunde 2 hivi za rekodi ya mwaka 1977 ya kundi la Kraftwerk, zilizokatwa na kutumiwa kwenye wimbo wa mwingine, zilifika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoamua mwaka 2019. Kenya, haki ya rekodi hudumu miaka 50, ya mtunzi miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo santuri ya zamani bado inaweza kuwa na mwenyewe. Aliye Kisumu anaweza kupanda matatu akaonane na familia ya mzee aliyepiga wimbo, wakaandikiana wimbo, sekunde na mgao. Sisi tulio mbali tunahangaika na mawakili.

Au mlipe mpiga nyatiti umrekodi mwenyewe. Fanyeni asubuhi, kabla mvua ya alasiri haijaanza kupiga mabati. Maikrofoni moja sentimita 30 kutoka kwenye ngozi ya nyatiti, nyingine karibu na mguu, kila moja kwenye njia yake: ile ya mguuni ndiyo itakayokuwa ngoma yako.