Sikufukuzwa, na Haikuwa Ngoma

Kwanza kabisa, sikufukuzwa mashindanoni. Najua mmeshasikia. Yule rafiki yangu, ambaye kuanzia leo ni mtu tu ninayemfahamu, tangu jana jioni anasambaza habari kwamba nilitolewa uwanjani kwa kucheza ngoma nikiwa na bastola mkononi. Acheni niseme mwenyewe. Ukweli ni mbaya kuliko uongo wake, ila angalau ni wangu.

Mnalijua lile dude langu, Glock 20 ya 10mm, lenye kishikio kinene kama mchi. Ninalipenda, lenyewe halijawahi kunipenda. Nikipiga risasi za nguvu kamili, mikono inaruka juu kama ya mtu aliyeambiwa ajisalimishe. Ndipo nikaamua kuligeuza kuwa .40, kaliba ambayo ni mtoto wa 10mm: kipenyo cha kichwa cha risasi ni kile kile, ganda tu ndilo fupi, milimita 21.6 badala ya 25.2. Unatafuta mtutu wa .40 uliochongwa kwa fremu hiyo kubwa, unavua slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila ukipiga, unatoa mtutu wa zamani, unaingiza mpya. Hata chai haijapoa umemaliza.

(Nyinyi mnaojiandaa kuniambia kwamba mnapiga .40 kwenye mtutu wa 10mm bila kubadilisha kitu, nawajua. Ganda fupi humo halina pa kuegemea mbele, linashikiliwa na kile kindoana cha slaidi peke yake. Haya, endeleeni, ila msipange foleni karibu nami.)

Mtutu nilibadilisha. Springi sikubadilisha. Springi iliyotoka nayo kiwandani ni ya ratili 17, imewekwa pale kuituliza slaidi inayosukumwa na 10mm. Nikaiacha humo humo, kisha nikakaa mezani nikajitengenezea risasi za .40 laini kama pamba: kichwa cha greini 180, baruti ya kunusa. Hesabu yangu ilikuwa kwamba kwenye IPSC, hayo mashindano yetu ya kupiga shabaha, ukizidisha uzito wa kichwa kwa greini na kasi yake kwa futi kwa sekunde, ukagawa kwa 1,000, ukifika 125 unaruhusiwa kupata alama. Wanaotaka alama za wakubwa kwenye kundi langu la Standard lazima wafike 170. Mimi teke nililikimbia, ukubwa wa nini?

Mazoezini niliona maganda hayarukii kulia kama zamani. Yanapanda kidogo, yanafikiri, yananidondokea. Moja lilitua kwenye kofia likakaa. Nikasema, tazama, bastola imestaarabika. Aisee.

Sasa jana. Hatua ya tatu, risasi 16: shabaha saba za karatasi, mbili mbili, na sahani mbili za chuma. Alama 80 kwa ukamilifu. Mwamuzi akasema jaza na ujiandae, akauliza kama niko tayari, saa ikalia. Nane za kwanza zilikwenda vizuri mpaka nikaanza kujisikia. Risasi ya tisa nikavuta nikiwa nimeinamia kidogo pembeni mwa ukuta, kola ya shati iko wazi, na kwa pembe ya jicho nikaliona ganda likitoka.

Halikuruka. Lilijitokeza. Likapanda mbele ya miwani yangu taratibu, likajigeuza mara moja kama linatafuta anwani, likashuka, likagonga shingo, likaingia kolani.

Kwa sekunde moja hakuna kilichotokea. Ubongo ulikuwa bado kwenye shabaha ya tano. Halafu kifua kikapeleka taarifa.

Hapa naomba nisikilizwe na kila aliyeona ile video: mkono wangu wa kulia haukusogea. Kidole kilikuwa nje ya triga, kimelala kwenye fremu, mdomo wa bastola unatazama tuta la udongo. Mkono ule ulikuwa wa mwanajeshi kwenye gwaride. Ni mimi mwingine wote niliyekuwa natetemeka chini yake. Magoti yanapanda kwa zamu. Mkono wa kushoto umezama kolani mpaka kwenye kiwiko. Nilitoa sauti. Sitaielezea sauti yenyewe, ila mtu mmoja nyuma aliuliza nani kaja na mbuzi.

Ganda likashuka mpaka kiunoni, likakwama. Wanaopiga mashindano wanaelewa: mkanda wetu ni miwili, wa ndani na wa nje, imeshikana kama gundi, na shati langu nilikuwa nimelichomeka katikati yake kwa sababu mimi ni mtu nadhifu. Kwa hiyo chuma cha moto kimetulia juu ya mkanda, kinanichoma kitovu, na shati halitoki. Nyuma yangu mwamuzi anasema kwa sauti ya upole kabisa, "Mdomo." Si lawama, ni tahadhari tu. Nikajibu, "Ndiyo mzee," huku narukaruka kwa mguu mmoja.

Nikavuta shati kwa nguvu zote. Likachomoka. Ganda nalo likapata njia, njia niliyoifungua kwa mkono wangu mwenyewe, likaendelea na safari kusini.

Sisemi zaidi. Kuna watoto humu.

Lilitokea kwenye pindo la suruali likiwa limepoa, likalia *ting* juu ya jiwe. Uwanja mzima ulikuwa kimya, kwa hiyo wote walilisikia. Ndipo nikakumbuka saa haijasimama. Zimebaki risasi saba. Nikaona heshima yangu iko kwenye hizo saba, nikazipiga, ya mwisho ikagonga chuma, shati linapepea. Laiti ningefukuzwa hapo. Aliyefukuzwa anakusanya vitu vyake anaondoka. Mimi nilibaki nikahesabiwa. Alama 62, sekunde 68. Sisi tunapimwa kwa alama kwa sekunde, gawanya mwenyewe: 0.91. Kwa kawaida hatua kama hiyo hunipa 4 na ushee.

Yaliyofuata ni mafupi. Wakachukua risasi zangu nane kwenda kuzipima kasi. Nyumbani nilikuwa nimezipima kwa bastola ya huyo huyo mtu ninayemfahamu, mtutu wa inchi 6, zikaenda futi 720, yaani karibu 130, nikalala usingizi mnono. Mtutu wangu ni wa inchi 4.6. Zikatoka 660. Piga hesabu: 118.8. Wakarudia, hazikupanda. Unaruhusiwa kuendelea kupiga, wakaniambia, ila bila alama. Ile 0.91 niliyoipata kwa ngozi yangu ikafutwa na karatasi.

Nikaendelea kupiga hatua zote zilizobaki, kola imefungwa hadi kooni, jua la saa saba. Springi nyepesi, ambayo risasi laini zina nguvu ya kuisukuma na kutupa ganda mbali, nimeshaagiza. Na wewe uliyelichukua lile ganda ukalipiga picha, nilirudishie.