Kinyama cha mama wa Pangani kitajibiwa lini?

Ukifika stendi ya Kange, Tanga, alfajiri, kabla mabasi ya Dar es Salaam hayajaanza kutoka, utawaona. Mama ameketi upande upande, kanga kaifunga kiunoni, na mwanawe ameshika bahasha ya kaki yenye karatasi za hospitali. Wanakwenda Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam. Ni kilomita 350 hivi, wala si safari ya kwenda na kurudi: mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida huchukua wiki tano, siku tano kila wiki, kisha hufuata mionzi ya ndani, ile inayowekwa ndani ya mwili karibu na uvimbe. Hata tiba yenyewe ikiwa bure, mama huyu atalala wapi na atakula nini muda wote huo?

Kila mwaka Watanzania takriban 10,000 huugua saratani hii na zaidi ya 6,000 hufa. Duniani, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2022, vifo 94 katika kila 100 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ugonjwa ni uleule. Penye kupimwa mapema, watu wanapona. Basi swali la kushirikiana na nchi tajiri kupambana na saratani hii ni letu sote, si la mabingwa peke yao.

Wanaoutetea ushirikiano huo wana hoja nzito. Chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa msaada wa Gavi, shirika la kimataifa la chanjo, na tangu 2024 binti wa miaka 9 hadi 14 anachomwa dozi moja tu. Tungesubiri mfuko wetu peke yake ujae, mabinti wangapi wa Handeni na Lushoto wangekuwa wamekwishapita umri? Hapo sina ubishi.

Wenye shaka nao hawasemi ovyo. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na Juni ikatangaza kwamba haitaichangia tena Gavi. Mwanamke anayeishi na VVU, ambaye hatari yake ya kupata saratani hii ni mara sita ya mwenzake, amekuwa akipimwa kwa siki, inayopakwa kwenye mlango wa kizazi ili kuonyesha dalili za mapema, kwenye kliniki ambazo kwa sehemu kubwa zilibebwa na fedha za Marekani. Yeye hakuulizwa.

Kwenye mashine za mionzi napo pana mtego. Ile ya kobalti hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka mitano na kidogo, na kadiri inavyofifia mgonjwa hulala chini yake muda mrefu zaidi, foleni nayo inarefuka, mpaka chanzo cha mionzi kibadilishwe. Zile za kisasa zinazotengeneza mionzi kwa umeme hazina shida hiyo, lakini zinataka umeme usioyumba, vipuri na fundi aliye karibu. Anayetukabidhi mashine bila kumsomesha fundi wetu ametuachia deni.

Lakini kwa mtu wa Tanga, naona kamba hukatika mapema zaidi, kabla mashine haijafikiriwa. Mama wa Pangani anatokwa damu baada ya tendo la ndoa. Zahanati inampa dawa za maambukizi. Anarudi, anapewa tena. Akifika Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, miezi imekwishapita, ndipo anakatwa kipande kidogo cha nyama ya mlango wa kizazi cha kupimwa kama kina saratani, ambacho wagonjwa wetu hukiita kinyama. Bila majibu yake hakuna mionzi wala tibakemia, na madaktari wa kukisoma ni wachache mno nchini.

Leo picha ya kinyama inaweza kutumwa kwa bingwa aliyeko Ulaya akaisoma siku hiyohiyo. Wengine wanaogopa kwamba tutazoea kusomewa. Hofu hiyo ni ya kweli, ila mimi ningekubali msaada huo kesho asubuhi, kwa sharti moja: kila kinyama kinachosomwa huko kisomwe pamoja na daktari kijana aliye hapa, mpaka aweze mwenyewe.

Ndiyo maana nauheshimu uhusiano wa hospitali ya Teule, Muheza, na watu wa Hereford, Uingereza, ulioanza miaka ya 1980. Si mradi wa miaka mitatu, watu wamejuana. Na ni Muheza hiyohiyo ilikojengeka tiba shufaa, ili mgonjwa asiyeweza tena kupona asife kwa maumivu. Jambo hili halipigiwi picha sana, nami nalihesabu kuwa kubwa kuliko majengo mengi.

Wageni wakija tena Bombo, wapokewe kwa heshima zote. Kabla utepe haujakatwa, waulizwe wao pamoja na viongozi wetu: kinyama kilichochukuliwa leo kitajibiwa baada ya siku ngapi, nani atakisoma, na fedha za mradi zikiisha, mshahara wa msomaji huyo utatoka fungu gani?